Anayenipata Anichukue

Sauti ilikuwa ya Thuwaiba, hapana shaka, lakini Thuwaiba mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mbuzi mbele ya mama yake, anakuna nazi, midomo kaifumba.

Mama yake, Mwatum, aliacha kuchagua mchele. Lilikuwa jua la utosi, saa ambayo vivuli huingia chini ya nyayo na watu wa zamani walikuwa hawamtumi mtoto kisimani. Sauti ilitoka chumba cha uani, chumba cha redio za mumewe, ikasema polepole kama mtu anayesoma risala:

"Mimi bibi harusi. Nipo huku. Anayenipata anichukue."

"Baba yako karudi?" Mwatum akauliza.

Thuwaiba akatikisa kichwa. Akafungua mdomo ajibu, kikatoka kikohozi kikavu, kama mtu aliyekwamwa na chicha kooni.

Basi Mwatum akaliweka sinia chini, akaenda kuangalia. Chumbani hamkuwa na mtu. Redio kubwa ilikuwa imeachwa wazi, kitaa chake chekundu kinawaka, na sauti ya mwanawe ilikuwa ikitoka humo. Kile kisanduku cha mchezo wa mumewe, kilichokuwa kikirusha maneno hayo, kilikuwa juu ya rafu, tumbo wazi. Betri zake Mwatum alikuwa amezitia kwenye tochi kwa mikono yake mwenyewe.

Idarusi, mume wa Mwatum, alikuwa fundi wa redio bandarini. Kazi hiyo ilimpa mshahara na kile chumba na banda la kuishi pale Raskazone, nyuma ya nyumba kubwa ya Wajerumani wa zamani. Lakini alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Alikuwa mmoja wa wale wenye vibali vya kuzungumza na dunia kwa redio zao wenyewe, bila ujira, kwa raha tu ya kumsikia mtu wa mbali akisema nakupata. Tanga nzima walikuwa wachache: Wahindi wa mjini, Mzungu mmoja wa mkonge, yeye, na Edgar, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mcheshi, aliyefanya naye kazi bandarini.

Na walikuwa na mchezo wao. Mmoja anaficha kisanduku kinachorusha sauti, wenzake wanakisaka kwa pete ya waya. Pete yenyewe kubwa kama ungo, na Edgar aliiita hivyohivyo, ungo. "Tukionekana nayo vichakani watu watasema tunaruka nayo," alikuwa akisema. Ukiugeuza ungo huku na huku, sauti inapanda na kushuka, na upande ule inapokufa kabisa, ndiko kiliko kisanduku. Ila ungo haujui mbele wala nyuma. Unakupa mstari tu. Ndiyo maana husimama watu wawili, mbalimbali, kila mmoja akauchora mstari wake kwenye ramani, na mistari inapokatana ndipo penyewe.

Wazungu walikiita kisanduku mbweha. Edgar akasema, "Mbweha wa nini? Kwetu anayefichwa akatafutwa ni bibi harusi." Wakacheka. Idarusi akamketisha binti yake mbele ya redio kaseti, akamfundisha maneno, naye Thuwaiba akayasema huku anajizuia kucheka, mtoto wa kike wa miaka ya kuanza kujifunga kanga vizuri. Kaseti ikatiwa ndani ya kisanduku.

Sasa ilikuwa miaka ile ya foleni, ambayo mche wa sabuni unakatwa vipande kama mkate wa sikukuu, na betri hazionekani dukani hata kwa kujuana. Mchezo wa kabla ya huo kisanduku kilifichwa katika mkonge. Walipokifikia walikuta ganda tupu, mwizi kaondoka na betri zote, kawaachia waya kwa hisani yake. Idarusi akafikiri sana mahali ambapo mwizi hafiki. Akapapata. Hakumwambia mtu.

Jumapili ya mchezo hakuna aliyekipata. Mistari iliwaleta Tongoni, wakayazunguka makaburi ya kale mpaka alasiri, na Edgar akasimama akavua spika za masikioni. "Kaka, hapa ungo umepumbaa," alisema. "Sauti imekufa kila upande." Idarusi akacheka, akawaambia wameshindwa, akaenda peke yake kukitoa.

Jioni ya siku ile ya sauti, Mwatum alimsimulia mumewe. Idarusi hakumpinga. Alisema yuko mtu aliyeinasa kaseti siku ya mchezo, sasa anawatania. Alikuwa bado na kaseti yenyewe mkononi, anaipindua, wakati redio iliposema tena. Mimi bibi harusi. Nipo huku. Safari hii nyuma ya maneno palisikika tone la maji, tone baada ya tone, kama mahali pa mwamba.

"Ulirekodi karibu na bomba?" Mwatum aliuliza kwa kunong'ona.

"Nilirekodi hapa," Idarusi alisema. "Hapa ulipo wewe."

Wiki ile sauti ya Thuwaiba ilikwenda. Kwanza ilikwaruza, halafu ikawa pumzi, halafu hata pumzi haikuwa na umbo. Kila redio iliposema, alikuwa akishika koo kama mtu aliyevutwa uzi kutoka ndani. Hospitali walimwangalia wakasema koo safi, mpeni maji ya moto na chumvi. Wakampa. Na chumba cha redio kikaanza kunuka. Asumini mwanzoni, na udi, harufu nzuri kabisa, harufu ya nyumba yenye arusi, ila chini yake palikuwa na kitu kama maji ya chokaa yaliyolala siku nyingi.

Edgar akaja na ungo wake. Wakakubaliana wapige mistari, wamjue huyo mtani. Idarusi alisimama juu ya paa Raskazone, Edgar akaenda hadi Pongwe kwa pikipiki ya kuazima. Aliporudi walitandika ramani juu ya jamvi, wakachora. Mwatum hakusoma, lakini ramani ile alikwisha izoea kama kanga yake, na alipoona mistari inapokatana, hakuangalia karatasi tena. Alimwangalia mumewe.

"Baba Thuwaiba. Kisanduku ulikificha wapi?"

"Tongoni."

"Tongoni kubwa."

Idarusi alikuwa akikikunja na kukikunjua kipande cha uzi. "Kwenye kile kipango cha mwamba," alisema. "Chini ya makaburi. Pale wanapofukiza."

"Mzimuni."

"Hapaibwi pale, mama Thuwaiba. Wewe mwenyewe wajua hapaibwi. Mtu anaacha sahani ya kauri mwaka mzima anaikuta. Mimi nilifikiri betri."

"Na ulipokitoa, uliaga?"

"Nimuage nani? Kisanduku changu."

Edgar, ambaye kila neno alikuwa na jibu lake, akainamia ramani. Mwatum akasema, taratibu kabisa, kama anamwambia mgonjwa, "Umekwenda mahali ambapo watu wanaweka nadhiri. Umeweka mtoto wa kike. Mwenyewe kwa kinywa chake anasema ni bibi harusi, anayempata amchukue. Umemweka asubuhi mpaka alasiri, anaita. Halafu umeondoka na sanduku."

Wakamwendea Bi Tuhfa, fundi wa kupunga pepo, mama mtu mzima wa Tongoni ambaye nusu ya pwani ile ilikwisha pita chini ya shuka lake. Alikuja alasiri na chetezo na buhuri zake. Mwatum akamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitika marahaba bila kukaa, macho kayaelekeza kwa Thuwaiba. Akamfunika shuka jeupe, akamfukiza, akamsomea, akaita kwa majina ya pwani na majina ya bara na majina ya Bara Arabu, akauliza ni nani wewe uliye humu, mji wako wapi, wataka nini. Aliuliza mpaka makaa yakawa majivu. Thuwaiba alikaa chini ya shuka bila kutikisika, jasho halimtoki.

Bi Tuhfa akamfunua. Akatafuta pa kukaa, akakaa.

"Kazi yangu mimi ni kutoa," alisema. "Mtu kaingiwa, namtoa aliyeingia. Huyu binti hana kitu. Nimebisha nyumba nzima, hapana wa kuitika. Yeye ndiye aliyetoka. Jini hayuko kwake, mwanangu. Yeye ndiye yuko kwa jini."

"Si umtoe huko," Idarusi alisema.

"Nimtoe wapi? Naomba unionyeshe. Bibi harusi halali mahali pamoja. Wanamzungusha kwa jamaa, mji hadi mji, mpaka siku ya kumvusha maji. Akishavushwa hana kurudi." Akamtazama Thuwaiba tena, na safari hii alishusha sauti, kama anayeogopa kumkaribisha mtu. "Na hiki mlichobaki nacho ni kiti. Kiko wazi. Kiti kikikaa wazi, hukaliwa."

Mwatum akauliza yaliyokuwa yamewakaba wote. "Tukijua yuko mji gani, bibi, tukamkuta kabla ya kuvushwa?"

"Mkimkuta mkamshika kwa jina lake na la mama yake, huenda," alisema Bi Tuhfa. "Sijamwona aliyekuta."

Idarusi akauangalia ungo wake uliokuwa umetundikwa ukutani, na Mwatum aliona matumaini yanavyomwingia mtu, akamhurumia.

Walianza kusaka. Adhuhuri kila sauti iliposema, Edgar alipiga mstari upande mmoja, Idarusi upande mwingine, wakachora, wakakimbilia na pikipiki. Mara ya kwanza ilikuwa palepale kipangoni, wakaingia na ubani na maji ya waridi, Idarusi akipiga magoti anaita Thuwaiba binti Mwatum, Thuwaiba binti Mwatum, na pango likamrudishia mwangwi usio na mtu. Walipotoka wakatega ungo, na sauti ilikwisha kuwa kaskazini. Wakaifuata kaskazini. Ilikuwa imehama. Na maneno yakaanza kubadilika. Si yale ya kaseti tena. "Wananipaka hina," ilisema siku moja, kwa utulivu wa mtoto anayesimulia ya shule. Siku nyingine palisikika vigelegele, mbali sana, vingi, na havikuwa na pumzi katikati, vilikwenda moja kwa moja kama filimbi ya reli, na Thuwaiba wa redioni akasema, "Mama, nimechoka kukaa."

Kisha Edgar akaja mchana mmoja bila pikipiki, kasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ingia, shemeji," Mwatum alimwambia.

"Siingii, shemeji. Nimekuja kuaga, nakwenda nyumbani." Akamgeukia Idarusi. "Kaka, jana nilikuwa nimeugeuza ungo, sauti ikaanza kufa, na kabla haijafa ikaniita kwa jina. Ikasema, Edgar, na wewe njoo kwenye arusi, ulinipa jina wewe." Alijaribu kucheka, uso ukakataa. "Mimi nimealikwa, kaka. Mtu akialikwa akiendelea kuzunguka mlangoni, si ataingizwa ndani."

Idarusi hakumlaumu. Akauchukua ungo wa Edgar, akampa Mwatum.

Ndivyo Mwatum, ambaye hakupata kushika kalamu, alivyofundishwa kumsaka mwanawe. Mumewe aliugundisha ungo kwenye kigingi mezani kwenye chumba cha redio, chini yake akatandaza ramani na uzi. Kazi yake ikawa moja. Sauti ianze, augeuze ungo mpaka mwanawe anyamaze. Pale aliponyamaza, auvute uzi. Mumewe aliko naye atafanya hivyohivyo, wataambizana kwa redio ndogo aliyoibeba. Ni jambo rahisi kulieleza. Lakini mwanao anasema mama kuna giza, mama wananivika, na wewe unaugeuza waya kidogokidogo kwa vidole vyako, na sauti yake inapungua, inapungua, kama umemwekea mto usoni, na ikifa ndipo unajua umefanya vizuri.

Katika siku hizo Thuwaiba wa nyumbani alibadilika. Mwanzoni alikuwa kama nguo iliyoanikwa, unamkalisha anakaa. Halafu asubuhi moja Mwatum alimkuta amekwisha kaa mwenyewe, mgongo umenyooka, anamtazama. Chakula chenye chumvi alikisukuma kwa nyuma ya kiganja. Ugali mkavu alikula, akamaliza, akaomba kwa macho kuongezwa. Mwatum hakumwambia mumewe. Alijiambia mtoto anapata nafuu, na alijua anajidanganya, maana mama huijua mizani ya mwanawe, na huyu aliyekuwa akitembea uani alikuwa anakanyaga kwa tahadhari, kama mgeni anayejifunza palipo na ngazi.

Siku ya mwisho Idarusi alikuwa Moa, mpakani. Mistari ilikuwa imepanda pwani yote mpaka huko, na baada ya Moa ramani yake ilikuwa maji matupu upande mmoja na mikoko upande mwingine. Alimwita Mwatum kwa redio kabla ya adhuhuri.

"Mama Thuwaiba, wanipata?"

"Nakupata."

"Leo iko karibu. Sijapata kuisikia karibu hivi. Lakini ni mbele au ni nyuma, baharini au mikokoni, peke yangu sitajua. Usinikawize na mstari wako."

"Sikukawizi."

Yule aliye nyumbani alikuwa amekaa kwenye mkeka miguuni pake. Alijileta mwenyewe na chanuo, akakaa, akainamisha kichwa. Na Mwatum, kwa kuwa mikono yake ilihitaji cha kushika, alikuwa amemsuka tayari nusu ya kichwa. Nje hapakuwa na upepo. Kunguru walikuwa wamenyamaza, na harufu ya asumini ilikuwa nene kiasi kwamba koo liliimeza kama uji.

Sauti ikaanza.

"Mama."

Mwatum akaacha nywele, akaushika ungo.

"Mama, maji yananifika magotini. Wamesema nisigeuke nyuma. Mama, usininyamazishe leo, nina neno."

Alikuwa ameanza kuugeuza, na vidole vikasimama, kwa sababu alijua kwamba Moa mumewe amesimama anangoja, mbele au nyuma, na kwamba bado unene wa kidole tu sauti ife na mstari upatikane na mtoto apatikane, na alijua pia kwamba akiugeuza, hilo neno hatalisikia kamwe, na kati ya mambo hayo mawili akakaa, pumzi moja, labda pumzi mbili, mama yeyote angekaa.

"Mama," ilisema sauti, na kwa mara ya kwanza tangu ianze ilikuwa na hofu. "Nani huyo unayemsuka?"

Mwatum akatazama chini.

Uso ulikuwa umeinuka kutoka mkekani, unamwangalia. Macho ya Thuwaiba, kovu la Thuwaiba juu ya nyusi, na ndani yake mtu aliyekwisha kukaa vizuri akaegemea. Mkono ukapanda polepole, bila fujo, ukapita juu ya paja la Mwatum, ukafika kwenye redio, ukaizima. Kitaa chekundu kikafa. Sauti ikakatika katikati ya neno, na sauti ya Idarusi, iliyokuwa inaanza kuuliza mstari uko wapi, ikakatika nayo.

Kimya kilikuwa kile kimya cha ungo unapopatia.

Kisha kichwa kikalala mapajani, nusu iliyosukwa chini na nusu isiyosukwa juu, na kwa sauti ya Thuwaiba, safi, haina kikohozi, kikasema, "Suka, mama. Hujamaliza."

Na Mwatum akasuka.

Idarusi alifika kesho yake alasiri, matope mpaka kiunoni, macho mekundu. Alikuwa amechagua mikoko, na mikokoni hapakuwa na kitu. Alikuwa na maneno ya kumwambia mkewe, lakini hakuyafikia, kwa sababu binti yake alitoka mlangoni amebeba kata ya maji, akasema, "Shikamoo, baba."

Mtu mzima yule alikaa chini vumbini akalia kama mtoto. Majirani walikuja. Kuku akachinjwa, kuku wa miaka ile, ambaye mtu humchinja kwa jambo kubwa tu. Watu walimshika Thuwaiba mikono, wakamsikiliza anavyozungumza, wakasema alhamdulillahi, sauti imekuwa nzuri kuliko ya kwanza. Bi Tuhfa naye alikuja. Alifika kizingitini, akamwona, akasimama. Binti akamwamkia kwa adabu zote. Bi Tuhfa aliitika, akasema amekumbuka kitu nyumbani, akaondoka bila kunywa maji, na Mwatum alimfuata mpaka barabarani lakini bibi yule hakugeuka.

Watu walipokwisha, Idarusi alipanda juu ya paa akaanza kufungua nyaya. Alikuwa ameapa, alisema. Nguzo ataitoa, redio atampa Mhindi mmoja wa mjini, nyungo atazitupa baharini zote mbili. Mwatum alisimama chini ya ngazi. Idarusi alipoteremka, akaingia chumbani akatoka na redio kifuani, Mwatum akamshika mkono.

"Iache," alisema kwa kunong'ona. "Iache kidogo tu. Mpaka adhuhuri ya kesho."

"Ya nini tena?" Idarusi alimtazama kwa mapenzi, kama mtu anayemtazama mkewe aliyechoka. "Mama Thuwaiba, tulikuwa tunamtafuta mtoto. Mtoto si huyu?"

Binti alikuwa amesimama nyuma ya Idarusi, kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, anafuta sahani. Aliacha kufuta. Alimwangalia Mwatum, akatabasamu kidogo, akangoja jibu.

Mwatum akauachia mkono wa mumewe.

"Ndiyo," alisema. "Ni huyu."